Kelele Aliyoisikia Mzee Mhina

Manundu, Korogwe
Jumapili mchana

Shufaa mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa Mama Neema na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimefunga duka mapema. Nimekaa kwenye meza ya kazi, nimesogeza bisibisi na simu za watu pembeni, na ninaandika kwa kalamu, kwa sababu haya ninayotaka kukuambia nikiyachapa nitayafuta.

Kuhusu safari sina la kukuagiza. Mizigo umefunga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi. Dodoma umeshafika, chumba umeshakiona, na umri ulio nao si wa kuambiwa ule wali au uvae sweta. Hayo nayaacha.

Nataka kukusimulia jambo lililotokea ulipokuwa na miezi minane. Unakwenda kutunza mawasiliano ya hospitali, simu zao na kompyuta zao, kwa hiyo linakuhusu. Tena kuna mtu anaitwa Mzee Mhina, ambaye jina lake utalisikia siku moja hapa Korogwe au Handeni, na sitaki umsikie kwa mwingine kabla yangu.

Unajua kwamba kabla ya duka hili nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge, mbele kidogo ya Ngombezi. Baba yako alikuwa fundi wa matrekta pale pale. Tulikaa kambini, chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Tanga kwa miezi sita, na pale shambani hiyo ilinifanya mtu wa pekee. Waliniita mama wa kompyuta. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilipenda sana kuitwa hivyo. Uniwie radhi nikikwambia ukweli: nilipenda kuliko nilivyopenda kuitwa mama Shufaa.

Ofisini tulikuwa na kompyuta moja iliyoletwa kuukuu kutoka Tanga. Mfumo wake uliliwa na virusi, na hakuna aliyekuwa tayari kununua mwingine. Mwalimu wangu wa kozi alikuwa amenipa sidii za Linux, akaniambia huu ni mfumo huria, kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuufungua aone ulivyotengenezwa, na kuurekebisha. Nikauweka. Ukawaka. Barua zikachapwa, hesabu za singa, zile nyuzi za mkonge, zikaandikwa. Meneja akafurahi, akasema, "Sasa nataka taarifa za kila wiki ziende makao makuu kwa barua pepe. Nimechoka kutuma dereva na bahasha."

Wakati ule, mwanangu, intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani. Kompyuta ilikuwa na kifaa kinachoitwa modemu, kinapiga simu kama mtu anavyopiga, upande wa pili kunapokea kifaa kingine, halafu vinaongea kwa kelele. Wewe hujawahi kuisikia kelele ile. Inaanza na mluzi, inafuata mikwaruzo, kama bati linaburutwa juu ya zege. Na muda wote vifaa viwili vinapoongea, laini ya simu inakuwa imeshikwa. Hakuna mwingine anayeweza kupiga wala kupigiwa.

Modemu yetu ilikuwa kadi ya bei rahisi ndani ya kompyuta. Zilitengenezwa nyingi za aina ile. Kazi kubwa iliyopaswa kufanywa na kadi yenyewe iliachiwa programu, na programu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo ule wa kununua tu. Kwenye mfumo huria kadi ilikuwa pale, inaonekana, lakini haifanyi lolote. Ilihitaji draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa chake, na draiva yenyewe ilikuwa inatengenezwa na watu wa kujitolea, kila mmoja yuko nchi yake, wanaandikiana.

Ili nipate intaneti nilihitaji draiva, na ili nipate draiva nilihitaji intaneti. Nilikuwa natembea kutoka shambani hadi barabara kuu, napata usafiri, nakuja hapa Manundu kwenye chumba kimoja kilichokuwa na kompyuta tatu za kukodi. Nashusha mafaili, nayagawa kwenye flopi nne au tano, zile diski bapa za zamani, nazifunga kwenye kitambaa, narudi. Nikifika, flopi moja imekufa njiani. Wiki inayofuata narudi tena. Wewe ulikuwa mgongoni safari nyingine. Draiva ilibidi ijengwe upya pale pale kwenye kompyuta yetu, ilingane na toleo la mfumo tuliokuwa nao. Ikijengwa inakataa kuingia. Ikiingia inaigandisha kompyuta nzima. Miezi minne, Shufaa.

Kulikuwa na jukwaa la hao watu wa kujitolea, nilikuwa nachapisha mazungumzo yao kwenye karatasi hapa Manundu na kuyasoma nyumbani huku nakunyonyesha. Mtu mmoja, sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke, alibadilisha mstari mmoja wa draiva kwa ajili ya kadi ya aina yangu baada ya mimi kuandika Kiingereza changu kibovu cha kuomba msaada. Na nilichoshangaa ni jinsi walivyokuwa wakiandika. "Kosa lilikuwa langu." "Niliharibu mimi toleo lililopita, samahani, hili hapa limerekebishwa." Wameweka na majina yao, dunia nzima inasoma. Nilisoma mamia ya maneno kama hayo na hayakunigusa. Nilikuwa natafuta dawa ya modemu tu.

Siku draiva ilipokubali, modemu ikagoma kupiga. Ilikuwa inaleta ujumbe kwamba haisikii mlio wa laini. Pale ofisini palikuwa na swichibodi, na opereta wake alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa Kwedizinga, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Simu zote zilipita kwake. Shamba zima lilikuwa na laini moja ya nje, na ukitaka kupiga nje unamwambia, anakupa. Aliniheshimu sana. Kila asubuhi alinitania, "Mama wa kompyuta, mashine yako imeshajifunza kusalimia?" Nilipomwomba laini kwa ajili ya modemu alinipa bila swali, lakini mlio wa swichibodi yetu kuukuu haukufanana na ule uliotarajiwa na modemu, ikawa inasubiri mlio usiokuja halafu inakata.

Nilijaribu siku mbili. Siku ya tatu nikafanya mkato. Waya wa laini ya nje ulipita nyuma ya kabati la ofisi yangu kabla ya kufika kwa Mzee Mhina. Nikauchubua, nikaunga waya wangu, nikaupeleka moja kwa moja kwenye kompyuta. Modemu ikasikia mlio, ikapiga, ikakwaruza, ikaunganika. Nililia kwa furaha. Baba yako nilimwita aje aone, akaja na mikono ya grisi akasimama mlangoni.

Mzee Mhina sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kusema kweli niliogopa atanikatalia, kwa sababu laini ile ilikuwa dhamana yake, na kwa njia yangu ningeweza kuishika bila yeye kujua.

Halafu nikaongeza lingine. Laini ilikuwa inakatika katika, kwa hiyo niliandika programu fupi ya mistari michache: ikikatika, ipige tena yenyewe, na tena, mpaka iunganike. Niliona fahari na ile mistari. Ilikuwa programu yangu ya kwanza kuandika ikafanya kazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Saa sita mchana niliiacha kompyuta inashusha faili kubwa nikaja nyumbani kukunyonyesha. Ulikuwa na homa kidogo, hukutaka kuachia. Nilikaa nawe zaidi ya kawaida.

Kiwandani kulikuwa na korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa. Lazaro alikuwa mlishaji, anayeingiza majani kwenye mashine, kijana wa watu waliotoka Kigoma zamani kufuata kazi ya mkonge. Mkewe tulimwita Mama Deo. Mashine ilivuta mkono wa Lazaro pamoja na majani. Ilipozimwa, mkono ulikuwa umekwenda hadi juu ya kiwiko. Gari la shamba lilikuwa Tanga na meneja. Wakakimbia ofisini wampigie daktari wa Korogwe alete gari la wagonjwa. Simu za mkononi walikuwa nazo watu wachache, na pale shambani mtandao haukushika.

Mzee Mhina akafungua laini ya nje, akakuta kelele. Akakata, akafungua tena. Kila alipoingia, mawasiliano ya modemu yalikatika, na kila alipokata ili apate mlio, programu yangu iliwahi kupiga kabla yake. Walishindana, yeye na ile mistari yangu, karibu nusu saa. Watu wamesimama nyuma yake wanampigia makelele. Mwishowe wakampakia Lazaro kwenye tela la trekta. Baba yako ndiye aliyeendesha.

Mimi nilirudi nikakuta umati nje ya ofisi. Mtu akanisimulia kwa maneno matatu manne. Sikuuliza zaidi. Nilipita, nikaingia ofisini kwangu, nikafunga mlango, nikauchomoa waya wangu nyuma ya kabati, nikaukunja na kuuweka ndani ya khanga kiunoni. Mikono yangu ilijua la kufanya kabla sijafikiri. Hapo ndipo ninapopaona mpaka leo nikifumba macho. Tela lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo kuuchomoa ule waya hakukuwa na msaada tena kwa Lazaro. Kulikuwa na msaada kwangu tu.

Lazaro alikufa hospitalini siku ya tatu. Damu ilikuwa imemwagika nyingi. Hakuna aliyewahi kuniambia kama ile nusu saa ingemwokoa, na sijawahi kuthubutu kumuuliza daktari yeyote.

Wiki iliyofuata waliitisha kikao ofisini kwa meneja. Alikuwepo meneja, mkuu wa kiwanda, mjumbe wa wafanyakazi, na Mzee Mhina kwenye kiti cha peke yake. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu. Nilikuwa na daftari mapajani.

Meneja akamuuliza, "Kwa nini hukupiga simu?"

"Nilipiga, bwana meneja. Laini ilikuwa inalia."

"Inalia vipi?"

"Inapiga kelele. Mluzi, halafu kama bati linakwaruzwa. Nikikata, inarudi. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na simu nimekaa nayo miaka kumi na tisa."

Mkuu wa kiwanda akacheka kwa pua. Wote tulijua kwamba Mzee Mhina siku za mapumziko alikuwa akinywa pombe ya miwa. Siku ya kazi, katika miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Lakini meneja alisema, "Mhina, kelele hiyo ilikuwa kwenye laini au kichwani kwako?"

"Kwenye laini, bwana meneja. Naapa."

Ndipo meneja akanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu hapa. Laini ya simu inaweza kupiga kelele ya namna hiyo?"

Mzee Mhina naye akanigeukia. Uso wake ulikuwa na matumaini, Shufaa. Alifurahi kwamba nimeulizwa mimi. Aliamini kwamba mtu mwenye elimu ya mashine ataeleza kile ambacho yeye hakuwa na jina lake.

Nikasema, "Hapana. Mimi sijawahi kuisikia."

Nikainamisha kichwa nikayaandika maneno yangu mwenyewe kwenye daftari, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa.

Alifukuzwa siku ile ile kwa uzembe na ulevi kazini. Mwisho wa wiki alihama kambini na mkewe na watoto wawili, wakarudi Kwedizinga kulima. Hakuja kuniaga. Mkewe alikuja kunirudishia ungo niliokuwa nimewaazima. Alisema, "Asante, mama wa kompyuta," na hakukuwa na kejeli ndani yake. Hawakujua.

Baba yako nilimwambia usiku wa siku ya kikao. Akasema, "Usiseme. Mhina ana shamba kwao. Sisi tukifukuzwa tunakwenda wapi na mtoto huyu?" Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa alipo kaburini. Nililipokea neno lake kama mtu anavyopokea mwavuli. Kwa miaka mingi, kila moyo uliponisumbua, nilijiambia kwamba ni baba Shufaa aliyenikataza. Ilikuwa rahisi kumtii katika jambo nililolitaka mwenyewe.

Miezi miwili baadaye niliwasha tena modemu, safari hii kwa kufuata karatasi za maelezo ya draiva toka mwanzo, kwa woga. Kwenye ukurasa wa sita, ambao nilikuwa nimeuruka kwa haraka zangu, kulikuwa na maelezo mafupi: ukiwa nyuma ya swichibodi na modemu haitambui mlio, ongeza herufi moja na tarakimu moja kwenye amri ya kupiga, na itapiga bila kusubiri mlio. Basi. Nikajaribu kupitia swichibodi. Ilikubali mara ya kwanza. Ningeomba laini kwa Mzee Mhina, angenipa, angejua nimeishika, na siku ile angekimbia hatua kumi mpaka ofisini kwangu akazima kompyuta. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikasoma ule mstari mpaka herufi zikachanganyika.

Taarifa zikaanza kwenda makao makuu. Nikasifiwa. Nikapandishwa cheo. Yule mtu wa jukwaani aliyenibadilishia mstari aliomba nimwandikie kama kadi imefanya kazi, ili wengine wenye kadi kama ile wajue. Sikumwandikia kamwe. Sikuweza kuandika popote kwamba imefanya kazi.

Sasa nakuja kwetu wawili.

Unakumbuka simu ya Mama Elia? Ulikuwa kidato cha tatu, likizo, unanisaidia dukani. Alileta simu imezima, akasema ndani yake kuna picha za mwisho za mume wake. Ulipoifungua ulibonyeza mahali ambapo hukupaswa, kila kitu kikafutika. Ulikuja kwangu na simu mkononi, ukasema, "Mama, nimezifuta. Nitamwambiaje?" Mimi nikakwambia nenda kapike. Alipokuja nikamwambia simu ililetwa ikiwa tayari imeungua kumbukumbu. Alilia pale pale kwenye benchi, akanishukuru kwa kujaribu. Wewe ulikuwa umesimama kwenye pazia.

Hukunisemesha siku mbili. Siku ya tatu uliniuliza, "Mama, umewezaje kusema vile bila hata kupepesa macho?" Nikakugombeza kwa kukosa adabu. Lakini nilijua jibu. Nilikuwa nimefanya mazoezi zamani. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho, uliofuata haukunisumbua hata kidogo, na hiki ndicho nilichokuwa nakufundisha bila kufungua kitabu. Tangu siku ile nimekuwa nikikutazama unavyofanya kazi. Ukikosea, unakuwa mwepesi kueleza mashine ilikuwa mbovu vipi. Si mara zote. Mara nyingine. Na kila mara ninaisikia sauti yangu.

Baba yako alipofariki, mwavuli ule ukaondoka. Nilikaa eda, na nilipotoka nikasema nitakwenda Kwedizinga. Bado nilichelewa miezi saba. Wewe ulikuwa chuoni. Nilikwambia nakwenda Handeni kununua vipuri.

Nilimkuta Mzee Mhina nyumbani kwake anapukuchua mahindi na mkewe. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini alinitambua kabla sijasema jina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama wa kompyuta! Karibu, karibu. Sogezeni kigoda."

Alifurahi kuniona. Alitaka kujua habari za watu wa kambini, nani yupo, nani amekufa. Nilimkatiza. Niliogopa kwamba nikinywa chai yake nitashindwa. Nikamweleza yote, waya, programu, khanga, kikao. Mkewe aliacha kupukuchua. Mzee Mhina alikuwa ameshika gunzi, akaliweka chini.

"Kwa hiyo kelele ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo, mzee."

"Ilikuwepo kweli. Kwenye laini."

"Ndiyo."

Akasema, "Mimi nilikuja kuamini kwamba haikuwepo. Mwaka wa kwanza nilibisha. Halafu nikajiuliza, yule mama amesoma, hana ugomvi na mimi, kwa nini aseme haipo kama ipo? Nikasema basi ni pombe imeniharibu masikio. Nikaacha pombe. Lakini masikio sikuyaamini tena. Mtu akiniita shambani, nauliza kwanza waliopo karibu, nimeitwa kweli?"

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Hakunijibu kuhusu msamaha. Alisema, "Wanangu walikua wakijua baba yao alilewa kazini mtu akafa. Hao ndio utakaowaambia. Mimi nimeshasikia."

Nilirudi Ijumaa iliyofuata. Mwanawe wa kiume alisikiliza, akatoka nje, hakurudi mpaka nilipoondoka. Binti, Zuhura, ana duka la vitenge Handeni mjini, lakini siku ile alikuwa amekuja. Anakaribia miaka thelathini na tano. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akasema, "Nilikuwa darasa la sita. Hapa kijijini waliniita mtoto wa mlevi aliyeua mtu. Nilimchukia baba. Nilipoolewa, sikutaka akae mbele siku ya harusi yangu. Unajua hilo? Alikaa nyuma, na watu wa jikoni."

Nikanyoosha mkono. Akasema, "Usinipe mkono."

Niliposimama kuondoka akaniuliza, "Wewe una mtoto?"

"Ninaye, wa kike. Anasomea mambo ya mawasiliano."

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi bado unamficha mtu," akasema, akaingia ndani.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Tangu hapo nimekwenda Kwedizinga mara tatu. Mzee ananipokea, mkewe ananipa maji, mtoto wa kiume ananisalimia kwa kichwa. Zuhura haji nikiwepo. Nilikwenda shambani pia, uongozi ni mwingine kabisa, nikaacha maelezo yangu kwa maandishi na sahihi. Karani alinitazama kama mtu aliyepotea njia, akaiweka karatasi kwenye faili. Mama Deo, mjane wa Lazaro, bado sijampata. Alirudi Kigoma na mtoto, na waliobaki kambini wananipa majina ya vijiji yasiyofanana. Ninaendelea kuuliza. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote.

Sijui haya yatakufaa nini, mwanangu. Sina hakika kama yananifaa mimi. Silali vizuri zaidi kuliko zamani, kama ulidhani nitasema hivyo. Ninachokijua ni kidogo. Saa ile niliposimama nyuma ya kabati na waya mkononi, kusema kungenigharimu kazi, nyumba ya kambini, na labda kesi. Yalikuwa mambo makubwa, sitayafanya yaonekane madogo leo kwa kuwa yamepita. Lakini kosa la waya lilikuwa bado na ukubwa wa waya. Lilikuwa halijawa Zuhura aliyemweka baba yake nyuma na watu wa jikoni. Huko hospitalini kuna siku kitu ulichokiunga wewe kitagoma wakati mtu anakihitaji. Itatokea, kwa sababu unafanya kazi. Siku hiyo mtu wa karibu nawe asiyejua lugha ya mashine atasema alichokiona au alichokisikia, na wakubwa watakugeukia wewe wakuulize kama inawezekana. Nilitaka tu ujue kwamba mama yako aliwahi kukaa kwenye kiti hicho.

Wazazi wengine barua kama hii huificha katikati ya nguo, mtoto akaikute mbali. Nilifikiria kufanya hivyo. Nikaona ni kukimbia kwingine. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwa Mama Neema, jua likiwa bado halijazama, ili kama una hasira nami uwe nayo hapa nyumbani, mbele yangu, na usiibebe peke yako kwenye basi kupita Chalinze na Morogoro.

Nitakuwa uani nachambua mchele. Njoo uniulize lolote, hata lile unaloona ni aibu kumuuliza mama. Na kama hutaki kuongea nami leo, sitakulazimisha. Kesho alfajiri nitakusindikiza stendi hivyo hivyo, tutembee kimya, na utakaponyamaza sitakwambia umekosa adabu.

Mimi mama yako.